Mchezo ubaki mchezo, franga ya sanduku ibaki ya sanduku
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Lulimba)

Komite imeniomba niseme kidogo juu ya mashine za kamari, kwa sababu nikimaliza mtapiga kura: mkopo wa sanduku usichezewe.

Sikuja kuhukumu mtu. Sisi tuliokaa Tanzania tunajua kule wanaziita dubwi. Sheria yao ya mwaka 2003 iliweka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kenya walifika mbali zaidi: mwaka 2018 serikali ilikamata mashine nyingi na kuzichoma moto, maana hata wanafunzi walikuwa wanacheza.

Sasa tuelewe inavyofanya kazi. Ndani mna programu inayochagua namba kwa bahati kila unapobonyeza. Haikumbuki kama umeliwa mara ishirini. Kwa hiyo yule anayesema « imekula sana, sasa itatapika » anajidanganya. Na picha mbili zikifanana, ya tatu ikapita kidogo tu, umeliwa sawasawa na yule mwingine.

Tupige hesabu. Tuseme mashine imepangwa irudishe franga 90 kwa kila 100. Umeingia na 5,000. Ukizicheza zote, kwa wastani unabaki na 4,500. Ukizirudisha hizo, 4,050. Mara ya tatu, 3,645. Mara ya kumi, hazifiki 1,750. Ndiyo, mmoja anaweza kutoka na nyingi, lakini zimetoka mfukoni mwa wenzake, siyo mwa mwenye mashine.

Basi anayetaka kucheza ajue ananunua furaha, kama anavyonunua chupa ya bia. Apange kiasi kabla ya kutoka nyumbani, kikiisha arudi. Asifuate zile zilizoliwa. Asikope. Asicheze akiwa amelewa. Akipata, aziweke mfukoni aende.

Barabara yetu hii inaenda Misisi, kwenye dhahabu. Mchimbaji anaweza kukaa wiki tatu bila kitu, halafu siku moja akashika franga nyingi. Siku hiyo ndiyo ya hatari. Ndugu zangu, pitieni nyumbani kwanza: chakula, minervali ya watoto, mchango wa mutueli. Kinachobaki ni chako, hatukuulizi.

Lakini sanduku si la mtu mmoja. Tulirudi huku mikono mitupu, wengine wakakuta shamba limekuwa pori. Franga hizi ni za mama anayeuza mawese, za baba anayelima muhogo. Mkopo unaorudishwa leo ndio utakaompeleka mgonjwa hospitali kesho. Usiporudi, tutamwambia nini mwenye mgonjwa?

Ndiyo maana komite inaomba mambo mawili. Kwanza, kila anayekopa aandikishe kazi ya mkopo, na mdhamini wake aijue. Pili, aliyekwisha kubanwa na deni la mchezo asijifiche. Aje kwa komite kimyakimya, tupange alipe kidogo kidogo. Hatutamfukuza, kwa maana akikimbia tumepoteza franga na ndugu pia.

Namwachia prezida aendeshe kura.