Virusi Vilivyolala na Mgeni Anayeviamsha

Leo nasema na wanaomeza dawa za virusi vya ukimwi, na jamaa wanaoishi nao lupango moja.

Mtu akizimeza vizuri, kipimo hurudi na habari njema: virusi havionekani. Mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na hilo nalisema bila kusitasita. Lakini virusi havijaisha. Vimejificha ndani ya seli za kinga, zile zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa ya zamani. Seli ikipumzika, navyo vimelala, na dawa haiwezi kuving'oa humo. Watafiti walikadiria kwamba kuvimaliza vyote kwa dawa hizi kungechukua zaidi ya miaka 70.

Kisha virusi vingine vinaingia, tuseme vya mafua makali, au vya malengelenge ya sehemu za siri vinaibuka tena. Mwili unaziamsha seli zake zikapigane. Seli ikiamka, huenda virusi vya ukimwi vilivyomo vikaamka nayo. Wakati mwingine seli hujigawa tu, na zinazozaliwa zinabeba virusi vilevile. Dawa ikiwemo mwilini, vinavyotoka havipati seli mpya ya kushambulia. Isipokuwemo, wiki chache zinatosha vijae tena kwenye damu.

Namfikiria dereva wa lori anayelala kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Vidonge ameviacha nyumbani, si kwa kusahau, bali kwa kuogopa msaidizi wake asivione. Homa ikimkuta pale, hana dawa. Aibu hiyo tumemtwika sisi, kwa maneno yetu ya mtaani, na inaniuma.

Kuna pia mpox, ugonjwa mwingine wa virusi unaoleta vipele, uliojitokeza kwa sura mpya kule Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023. Mwaka huohuo ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 382 wa mpox, wote wenye virusi vya ukimwi na kinga iliyoshuka. Walikufa 27, na kila mmoja wao seli zake za kinga ziitwazo CD4 zilikuwa chini ya 200.

Basi, baba, mama, kijana: ukisafiri, beba vidonge vya safari nzima na vya akiba. Ukishikwa na homa au ukiona vipele, endelea kumeza, uende kituo cha afya siku hiyohiyo, na umwambie muuguzi dawa unazotumia.