Bani halina chama


Uchaguzi mdogo wa Igunga mwaka 2011 ulitugawa: huyu CCM, yule CHADEMA, mwingine CUF. Lakini bani la tumbaku halina chama. Awe na kadi gani mwenye bani, kuni ni za miombo ileile. Miombo ikiisha, nyuki wanahama, na asali ya Sikonge tunaikosa sote.

Miembe ya njia ya misafara inatupa kivuli hadi leo; walioipanda hawakuuliza nani atakaa chini yake.

Basi harambee hii inunue miche ya kuni, tupande mashambani, miombo ipumzike. Kila kijiji kiwe na kamati ya vyama vyote, wahesabu pamoja miche iliyopona.

Siasa tuziache mlangoni. Karibuni tuchangie.