MATAIRI YA GARI LA CHAMA WAKATI WA MVUA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kesses)



Kamati ilituchagua sisi watatu, wawili wa genge la reli na mmoja wa karakana, tukaangalie ni matairi ya namna gani yafaa kununuliwa kwa gari la chama kabla ya mvua za Machi. Tumezunguka madukani, tumeuliza madereva, tumeyashika matairi kwa mikono yetu, na leo twaleta jibu. Twajua kwamba wengi wenu mmekwisha kata shauri. Nusu wataka yale ya matope yenye meno makubwa, na nusu wasema ya kawaida yatosha. Twaomba mtusikilize kwanza, kisha mpige kura.

Gari hili halikununuliwa kwa matembezi. Kila mtu hapa alikatwa mshahara wake ili mgonjwa apate kufika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, kama kilomita 35 kutoka hapa. Nanyi mwakumbuka mvua ya mwaka jana, usiku ule tulipompeleka mama mmoja mwenye uchungu. Gari lilizama kule bondeni kwenye udongo mweusi, hata kilomita mbili kufika lami hazikubaki. Tulisukuma wanaume wanane, tukakata matawi, tukalaza magunia, na matairi yakazunguka pale pale kama jiwe la kusagia. Mtoto alizaliwa ndani ya gari, juu ya koti la reli. Yu hai na mama yake yu hai, twashukuru. Lakini hatutaki mama mwingine ajifungue hivyo.

Basi tuanze na neno lililosemwa katika mkutano uliopita, kwamba wenzetu wa nchi za baridi hutia misumari katika matairi, kwa nini nasi tusitie? Ni swali zuri, wala si la kuchekwa. Huko Finland, Sweden na Norway barabara hufunikwa na barafu miezi mingi. Kampuni ya Nokia ya Finland ilitengeneza tairi la theluji la malori mwaka 1934, na la motokaa mwaka 1936. Baadaye ikaja misumari midogo ya chuma kigumu sana, inayotokeza nje ya mpira milimita moja au mbili tu. Barafu ni ngumu, kwa hiyo msumari hupata mahali pa kuuma. Matope yetu ni laini kama uji. Msumari wa milimita mbili utauma nini ndani ya uji?

Tena hata huko kwenyewe wanabishana. Msumari ukikosa barafu hula lami. Jimbo la Minnesota, Marekani, liliikataza mwaka 1971, na Ujerumani Magharibi mwaka 1975. Japani lami ilisagwa ikawa vumbi la kuumiza vifua vya watu katika miji kama Sendai na Sapporo, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuizuia. Mji wa Stockholm nao uliifunga njia ya Hornsgatan kwa magari yenye misumari tangu mwaka 2010. Hivyo watengenezaji wakabuni tairi lisilo na misumari, la mpira mwororo usiokakamaa katika baridi, lenye mikato myembamba mingi kama iliyochanjwa kwa wembe.

Na hapa ndipo jambo hili linapotufikia sisi wa Kesses. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na mengine hufika na matairi hayo hayo ya theluji. Mwuzaji mmoja alitaka kutuuzia manne, akasema meno yake bado marefu. Ni kweli yalikuwa marefu. Lakini mpira ule uliumbwa kwa baridi kali, na juu ya lami yenye jua huwa laini kupita kiasi, huisha upesi, na gari huyumba linapofunga breki. Mikato yake myembamba nayo hujaa udongo mara moja. Tuliyaacha pale pale.

Sasa yale ya matope. Sisi watu wa reli twajua habari ya kuteleza kuliko wengi. Gurudumu la injini ni chuma juu ya chuma, na reli ikilowa katika mwinuko wa kupanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, magurudumu huzunguka bure. Dereva hufanya nini? Hapunguzi mabehewa katikati ya pori. Humwaga mchanga mbele ya gurudumu, lipate kushika. Tairi la matope lafanya kazi kwa njia nyingine. Meno yake yako mbalimbali, na nafasi zilizo kati yake hutupa udongo nje kadiri gurudumu linavyozunguka, ili meno yafike chini palipo pagumu. Tairi la kawaida la lami, nafasi zake ni nyembamba. Zikijaa udongo, tairi zima huwa kama andazi. Wanaotaka meno makubwa wana haki kwa kilomita zile za bondeni.

Lakini, ndugu, hesabuni safari yote. Udongo ni kilomita chache. Kisha ni lami ya kupita Chuo Kikuu cha Moi mpaka Cheptiret, kisha barabara kuu ya Nakuru na Eldoret, yenye malori mchana na usiku, mara nyingi na mvua na ukungu. Juu ya lami iliyolowa tairi la meno makubwa hugusa kwa sehemu ndogo tu ya mpira wake. Breki huchukua mwendo mrefu zaidi, gari hunguruma, na petroli huliwa. Kuvuka bonde salama kisha kumpiga lori kwa nyuma si faida kwa mgonjwa.

Kwa hiyo twashauri tairi la katikati, lile la njia zote, lenye nafasi pana kuliko la lami lakini meno yaliyokaribiana kuliko la matope. Ubavuni litafutwe alama M+S, maana yake matope na theluji. Alama hiyo pekee haitoshi, kwani hata matairi mengine dhaifu huandikwa. Yatazameni meno yenyewe. Tazameni pia tarakimu nne za mwisho za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likikaa miaka mingi dukani mpira hukauka, hata kama halijagusa barabara.

Yawe manne ya namna moja. Mmoja wetu alisema tununue mawili tu ya magurudumu yanayosukuma. Hapana. Mbele pakishika na nyuma pasishike, mkia wa gari hukimbia kwenye kona, na hakuna dereva wa kuurudisha.

Kwa siku mbaya kabisa, minyororo miwili ya kufunga juu ya tairi iwekwe nyuma ya gari, pamoja na koleo na kamba ya kuvutia. Ifungwe kabla ya kuingia bondeni, si baada ya kuzama, na ifunguliwe pale lami inapoanza, maana huharibu lami na tairi pia. Dereva akipunguza upepo ili tairi litandae katika matope, aujaze tena kabla ya kwenda mbio. Tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka. Pampu ya mkono tayari tunayo.

Fedha zilizomo zatosha matairi manne na minyororo, si tairi la akiba. La akiba litakuwa lile la zamani lenye meno yaliyosalia, la kufikisha gari kwa fundi wa panchari tu. Mwenyekiti atawaita mnyoshe mikono baada ya chai, na mwenye kupinga aseme hapa hapa, kwa sababu mwekahazina anakwenda Eldoret Jumamosi.