Mwamba wa Petro na Jimbo Letu



Ndugu wapenzi, Wakristu wengi wa Kinondoni huulizwa na jirani zao: Je, mbona mwamtii mtu akaaye mbali, huko Roma? Swali hili si la kukasirikia. Yafaa tulijibu kwa upole, maana asiyejua asili ya imani yake hawezi kuilinda.

Asili ya Upapa si Roma. Ni huko Kaisaria ya Filipo, Simoni alipomkiri Bwana wetu kuwa Mwana wa Mungu. Ndipo Bwana alipomwita Mwamba, akamwahidia funguo za Ufalme. Tena baada ya kufufuka alimkabidhi kondoo wake, ingawa Petro huyo alikuwa amemkana mara tatu. Basi, nguvu ya cheo hiki haitoki katika wema wa mtu, bali katika ahadi ya Kristu.

Petro alifia dini Roma, zamani za Kaisari Nero. Kwa hiyo askofu wa Roma ndiye halifa wake. Mmoja wao, Viktori wa Kwanza, alikuwa Mwafrika wa Kaskazini, mwishoni mwa karne ya 2. Alipotaka kuwatenga Wakristu wa Asia kwa ajili ya siku ya Pasaka, Mtakatifu Ireneo alimsihi asifanye hivyo. Kumbe, kumtii Papa hakukatazi kumshauri kwa heshima. Nao Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1870 haukufundisha kwamba Papa hatendi dhambi. Ulifundisha kwamba hakosei anapolifundisha Kanisa zima, kwa mamlaka yake yote, jambo la imani au la maadili.

Sasa tutazame kwetu. Wabenediktini Wajerumani walifika Pugu mwaka 1888. Januari 1889 misioni ikavamiwa, na baadhi yao wakauawa. Waliosalia hawakuiacha kazi. Baada ya Vita Kuu Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1921 wakaja Wakapuchini wa Uswisi. Taifa la mapadre lilibadilika, wala Misa haikubadilika, wala imani. Kwa nini? Kwa sababu Kanisa hili halikuwa mali ya Wajerumani wala ya Waswisi. Lilishikamana na Petro, na Petro ni wa mataifa yote.

Hata mwaka 1960 Papa Yohane wa 23 akamfanya Laurean Rugambwa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi, ambaye tangu 1968 alikuwa Askofu Mkuu wetu. Na mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja mwenyewe Dar es Salaam, mchungaji akiwatembelea kondoo wake.

Basi jirani akituuliza tena, tumjibu hivi: Hatumtii mgeni, twamsikiliza baba, na kwa baba mmoja sisi tu ndugu wa watu wa kila lugha. Tumwombee kila siku, ili awathibitishe ndugu zake katika imani. Amina.