Umaskini wa Kakamega Una Umri: Hebu Tuhesabu Pamoja



Kila tukiambiwa kaunti yetu ina maskini wengi, tunatikisa kichwa tu na kuendelea na shughuli. Leo nauliza: maskini huyo ana miaka mingapi?

Utafiti wa Shirika la Takwimu la Kenya wa 2015/16 ulionyesha asilimia 36.1 ya Wakenya wote ni maskini. Ukiwahesabu watoto peke yao, inapanda hadi 41.5. Vijana wako chini ya watoto. Kwani vijana wamepata kazi? La. Kijana akikosa kibarua hapa anapanda gari kwenda Nairobi au Kisumu. Anahesabiwa huko, peke yake. Mtoto wake amebaki kijijini kwa nyanya, kwa kukhu. Umaskini wa kijana umeandikwa kwa jina la mtoto.

Sasa chukua kalamu. Mwaka huo, mtu mzima wa kijijini aliyetumia chini ya shilingi 3,252 kwa mwezi alihesabiwa maskini. Mtoto wa chini ya miaka 5 huhesabiwa kama 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 kama 0.65. Mchukue kukhu wa miaka 72 anayeishi na wajukuu watatu: wa miaka 3, 8 na 12. Jumla ni watu wazima 2.54. Nyumba hiyo ilihitaji karibu shilingi 8,260 kwa mwezi, na hiyo ni bei ya zamani, kabla unga na mafuta kupanda.

Kukhu anapata nini? Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingine zinachelewa. Hata robo haifiki. Halafu tunasema ati mzee amesaidiwa! Pesa ni za mzee, lakini zinanunua unga wa watoto, kalamu za watoto, sare za watoto. Yeye dawa yake ya presha inangoja.

Tazama mpangilio wenyewe. Wakati wa Gavana Oparanya, kaunti ilianza kuwapa akina mama wajawazito pesa kwa awamu, hadi mtoto afikishe miezi 18. Ukifika miaka 70, serikali kuu inakuandikisha. Hapo katikati, isipokuwa uwe yatima au mlemavu, unategemea basari na mfuko wako. Zamani hapo katikati palizibwa na miwa. Baba aliuza miwa kwa kiwanda cha Mumias, akalipa karo. Kiwanda kikazama kwenye madeni, na mwaka 2019 benki ikakiweka chini ya msimamizi wake. Wazazi wa leo ndio waliokuwa vijana wakati miwa ilikuwa inakauka shambani.

Ndugu zangu, hii sio sadaka tunayoomba. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Cha 53 ni lishe ya mtoto, cha 55 ni kijana na kazi, cha 57 ni mzee na matunzo yake.

Kwa hivyo tufanye mambo matatu. Kwanza, kama una mzee wa miaka 70 kwenu, hakikisha ana kitambulisho na ameandikishwa kwa chifu. Pili, nenda ofisi ya wadi uombe orodha ya waliopata basari. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuulizia. Tatu, wakiita mkutano wa bajeti, usiwaachie wazee peke yao. Simama uulize: mtoto anayelelewa na nyanya amewekewa shilingi ngapi?

Wakikujibu "tutaangalia", waulize lini, uandike tarehe. Mtoto wa miaka 8 hawezi kuja kwenye mkutano huo. Wewe unaweza.