Umoja wa hiari unaongozwaje? Maneno kwa vijana wa Lubumbashi



Muliniomba niseme juu ya namna ya kuongoza umoja. Sikutaka kuleta mafundisho ya kitabu. Nimeleta hadithi ya kweli, ya mbali kabisa, ya Marekani. Lakini ndani yake kuna moshi, kuna makaa ya mawe, na kuna waya za umeme zinazopita juu ya nyumba zisizo na taa. Mutajua wenyewe kama inatuhusu.

Swali letu ni moja: watu wakikutana kwa hiari, hakuna mukubwa wa kuamrisha mwenzake, hakuna polisi wa kumurudisha anayetoka, kazi inaendeshwaje? Sisi tunalijua hili swali. Mara ngapi tumeunda jukwaa, vikundi kumi, picha nzuri, tangazo kali, na kisha mwezi haujaisha tuko tunagombania nani atasoma tangazo mbele ya kamera?

Sasa sikilizeni.

Magharibi ya Marekani kuna bonde kubwa linaloitwa Grand Canyon. Watu wanatoka dunia nzima kuliangalia. Lakini siku nyingi walikuwa wanafika na kukuta ukungu wa moshi, upande wa pili hauonekani vizuri. Mwaka 1977 bunge lao liliandika katika sheria ya hewa kwamba mbuga kubwa za nchi zirudishiwe hewa yake safi. Mbuga na maeneo hayo ni 156, na zaidi ya 100 yako upande huo wa magharibi.

Sheria ilikuwa nzuri. Shida ni kwamba moshi hausomi karte. Unatoka kwenye mitambo ya jimbo moja, kwenye magari ya mji wa jimbo lingine, kwenye moto wa misitu ya serikali kuu, unakutana juu ya bonde. Jimbo la Arizona peke yake haliwezi kuamrisha California. Serikali ya Washington njo yenye mbuga na misitu mingi, lakini ruhusa ya viwanda vingi inatolewa na majimbo. Na katikati ya hayo yote kuna mataifa ya wenyeji, kama Wanavajo, Wahopi na Wahualapai, wenye ardhi yao na serikali zao, ambao walikuwepo kabla jimbo lolote halijapewa jina.

Kwa hiyo mwaka 1991 kukaundwa tume ya wakuu wa majimbo pamoja na viongozi wa makabila, na serikali kuu ikikaa mezani. Walizungumza miaka mitano. Mwaka 1996 wakatoa mapendekezo. Na hapa njo wengi wetu tunaangukia: tukishatoa mapendekezo, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Wao walijua karatasi haitembei yenyewe. Mwaka 1997 wakaunda umoja wa hiari wa kuyafuatilia, ukaitwa Western Regional Air Partnership. Ndani yake kuna majimbo, makabila, wizara za serikali kuu zinazolinda mbuga na misitu, na wakala wa mazingira wa serikali kuu, yaani EPA.

Umoja huo haukuwa na uwezo wa kumutoza mutu faini. Haukuweza kufunga kiwanda hata kimoja. Basi waliuongozaje? Nitasema mambo manne.

La kwanza, kiti. Uenyekiti uligawanywa: mukuu wa jimbo mmoja na kiongozi wa kabila mmoja, wakae pamoja. Hata kazi ya ofisi iligawanywa, muungano wa wakuu wa majimbo ya magharibi upande mmoja, baraza la makabila la mazingira upande mwingine. Hilo halikuwa zawadi. Mutu akiingia umoja akiwa mugeni mualikwa, siku ya kazi ngumu atabaki mugeni. Akiingia akiwa mwenye nyumba, atabeba tofali.

La pili, uamuzi. Walitafuta kukubaliana wote, si kupiga kura ili wengi wawaponde wachache. Mutasema: hiyo inachelewesha. Ni kweli, inachelewesha. Lakini katika umoja wa hiari, yule uliyemushinda kwa kura leo, kesho haji. Umeshinda kikao, umepoteza mutu.

La tatu, hesabu moja. Kabla ya kubishana nani anachafua, walijenga pamoja mahesabu ya moshi: unatoka wapi, kiasi gani, unaelekea wapi. Kila mutu akiwa na namba zake, kikao kinakuwa soko. Namba zikiwa za wote, mabishano yanabaki juu ya kitu cha kufanya. Sisi tukienda kuuliza juu ya vumbi la malori ya madini barabarani, tuko na hesabu gani ya pamoja? Kartie hii inasema hivi, kartie ile inasema vile, na mukubwa anacheka.

La nne, fimbo nyuma ya mulango. Juu ya gesi ya salfa inayotoka kwenye mitambo mikubwa, walikubaliana kikomo kwa eneo lote, kinachoshuka hatua kwa hatua mpaka 2018. Kampuni zikikaa chini ya kikomo kwa hiari yao, sawa, hakuna anayewasumbua. Zikikipita, utaratibu wa lazima unaanza: kila kiwanda kinapewa kiasi chake, na anayezidisha analazimika kununua kwa mwenzake. Na jimbo ambalo halitaki njia hii linabaki kwenye njia ya kawaida ya sheria, kiwanda kwa kiwanda. Mumeona? Hiari haikuwa hiari ya kulala. Kulikuwa na milango miwili, na yote miwili inaelekea kwenye kazi.

Ilifaulu? Sitawadanganya. Ilifaulu nusu. Mwaka 2005 mahakama ilivunja sehemu ya mupango huo, baada ya kundi la watu wa makaa ya mawe kushitaki. Ikabidi kanuni iandikwe upya. Majimbo mengine yakatoka. Waliobaki mpaka mwisho ni New Mexico, Utah na Wyoming, pamoja na mji wa Albuquerque. Lakini kwa hao waliobaki, gesi ilikaa chini ya kikomo, na fimbo haikutolewa nyuma ya mulango. Na jambo lingine: pesa nyingi za umoja zilitoka serikali kuu. Chemchemi ile ilipopungua, kazi ikapungua nayo. Anayelipa mufuko wako wote, siku moja anaweza kufunga mufuko bila hata kukugombeza.

Sasa nifike kwenye kidonda.

Karibu na mji wa Page, juu ya ardhi ya Wanavajo, kulijengwa miaka ya 1970 mutambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye nguvu ya megawati 2,250. Makaa yalichimbwa kwenye ardhi ya Wanavajo na Wahopi. Umeme ulienda miji ya mbali, Phoenix, Las Vegas, Los Angeles, na kusukuma maji ya muto Colorado kupanda mpaka kwenye bomba za Arizona. Sehemu ya mutambo ilikuwa mali ya serikali kuu yenyewe, ile ile iliyokuwa inalinda hewa ya Grand Canyon. Na kwa Wanavajo, maelfu ya nyumba hazikuwa na umeme. Waya zinapita juu, mama anawasha taa ya mafuta chini.

Sisi hapa hatuhitaji kufasiriwa. Waya ya Inga imekamilika mwaka 1982, kilometa karibu 1,700 mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi. Ulizeni vijiji vilivyo chini yake vinawasha nini usiku. Na ninyi wa mujini munajua delestaji.

Moshi wa mutambo ule ulipunguzwa sana miaka ya 1990, juu ya makubaliano na sheria. Lakini mutambo wenyewe ulipofungwa, Novemba 2019, haukufungwa na kikao cha umoja. Wenye mali waliona gesi ni rahisi kuliko makaa, wakaamua. Hewa ikapata nafuu. Wanavajo wengi wakapoteza kazi, na Wahopi wakapoteza sehemu kubwa ya bajeti ya serikali yao. Kiti cha mwenyekiti mwenza hakikuwaokoa na hilo.

Njo maana nasema: kukaa mezani ni jambo moja, kuwa na nguvu mezani ni jambo lingine. Nguvu yao ya kweli ilitoka kwingine. Mwaka 1977 Wacheyenne wa Kaskazini, kule Montana, kabila dogo, waliomba ardhi yao ipewe daraja la juu kabisa la hewa safi, sawa na mbuga kubwa. Walikuwa wa kwanza. Hawakungoja mualiko wa mutu. Walisoma sheria, wakakuta mulango, wakaingia. Na mwaka 1990 sheria ikaandika kwamba kabila linaweza kutendewa kama jimbo juu ya mambo ya hewa. Haki iliyoandikwa ilitangulia, kiti kikafuata.

Vijana wenzangu, hatuko Wamarekani na sikuja kuwasifu. Lakini juma lijalo tunakaa na vikundi vingine juu ya umoja wetu wa mazingira ya muji. Kabla ya kuchagua jina na rangi ya mupira, ninaomba tujibu maswali haya kwa maandishi, wote wakisikia:

Nani anakaa kwenye kiti, na je, wale wanaovuta moshi kila siku, watu wa kartie zilizo karibu na viwanda, wako wenye nyumba ao wageni?

Asiyekubali uamuzi anafanya nini, mbali na kuondoka na kutukana kwenye WhatsApp?

Hesabu yetu ya pamoja iko wapi, na nani anaiandika?

Mufuko unajazwa na nani? Kama ni mutu mmoja, hata akiwa muzuri, tujue tumekodi umoja, hatujaujenga. Franga mia tano ya kila memba ni ndogo, lakini haiwezi kutufunga mudomo.

Na la mwisho: nyuma ya mulango tuko na nini? Sheria gani, malalamiko gani kwa mahakama, maandamano gani ya amani, siku hiari ya wakubwa itakapolala?

Tukikosa jibu la hili la mwisho, tusijidanganye. Tutakuwa tumeunda kikundi cha kuomba, na kuomba tumeomba sana.

Sasa leteni maswali, na anayepinga aanze.