Mashini Moja, Watu Wawili: Maneno Tuliyowaambia Wanachama Muhumba



Wengi wetu tuliorudi tumepata kazi ya kusafisha parsele hapa Muhumba. Mvua ikianza mwezi wa 9, majani hayangoji mtu. Kazi ya siku mbili kwa kupekupe, mashini ya esansi inaimaliza asubuhi moja. Ndiyo maana kila mmoja anaitaka. Lakini leo hatutasifu mashini. Tutasema juu ya jiwe.

Kisu ao uzi wa mashini hii unazunguka maelfu ya mara kwa dakika moja. Ukigonga kajiwe, kipande cha chupa ao waya uliojificha majanini, kitu hicho kinaruka kama risasi. Mwenye kukata amevaa miwani. Mtoto anayepita njiani hana kitu. Kwa hiyo, meta 15 pande zote, mtu asisogee. Lakini nani atachunga? Mwenye kukata ameziba masikio, macho yake yako chini. Lazima mwenzake asimame njiani. Huyo akiinua mkono, moteri inazimwa papo hapo.

Tunajua mnalosema: "Tukienda wawili, franka zinagawanyika." Ni kweli. Lakini jicho la mtoto wa jirani, mtalilipa na nini? Tena wa pili hakai bure. Anatangulia kuokota mawe na chupa. Baadaye wanabadilishana, maana mtetemo unachosha mikono, na mkono uliochoka haushiki vizuri. Mwenye parsele akiuliza, mwambieni mapema: bei yetu ni ya watu wawili.

Na haya pia mshike:

Kile kifuniko cha kinga juu ya kisu, msikitoe. Uzi ukiisha, msifunge waya mahali pake: waya unakatika na kuruka.

Moteri nyingi za mipigo miwili zinataka mililita 20 za mafuta ya moteri kwa lita 1 ya esansi. Nyingine zinataka zaidi. Fuateni maandishi ya mashini yenyewe. Moteri ipoe kwanza ndipo mtie esansi, bila sigara karibu. Mkimaliza, sogeeni meta 3 kabla ya kuiwasha.

Kwenye mteremko wa kwenda ziwani, kata kwa kufuata ubavu wa kilima, usirudi kinyumenyume. Acheni majani urefu wa vidole vinne. Mizizi inashika udongo usichukuliwe na mvua, na kisu kikiwa juu hakigongi mawe sana.

Majani yakizungukia kisu, zima moteri kwanza, ngoja kisimame kabisa, ndipo utoe.

Na wale wanaorudi kulima vijijini, mahali palipopita vita: ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikikate. Weka alama mbali nacho, rudi kwa njia uliyokuja nayo, ujulishe wakubwa.

Ninyi wafadhili, tunawashukuru. Kabla ya mashini ya pili, tunaomba miwani, vizibo vya masikio na buti ngumu za watu wawili kwa hii tuliyo nayo. Mashini bila vitu hivyo haijakamilika.

Tulirudi ili tujenge. Basi kila mtu arudi jioni nyumbani akiwa mzima, na jirani yake vilevile.